Gari Limetoka Gereji na Ugonjwa Mpya: Namna ya Kutafuta Chanzo

Mwanafunzi, hadi hapa umeshapitia mifumo ya gari mmoja mmoja: upozaji, ulainishaji, umeme na breki. Mada hii inaikutanisha yote, kwa sababu gari bovu haliji gereji likiwa limeandikwa jina la mfumo wenye shida. Mwenye gari hasemi, "Mfumo wangu wa upozaji umenasa hewa." Husema, "Fundi, jana mmenitengenezea, leo linachemsha." Kazi yako, kwenye karatasi ya mtihani na kwenye gereji utakayokwenda kujifunza kwa vitendo, ni kutoka kwenye lalamiko hilo mpaka kwenye chanzo bila kubahatisha.

Tuchukue tukio moja, tukae nalo.

Noah ya abiria imebadilishiwa pampu ya maji katika gereji moja mjini Makambako. Pampu ya zamani ilikuwa inavuja. Asubuhi gari limejaribiwa kwa kuzungushwa mjini, likaonekana zima, mwenyewe akalipa. Mchana amepakia watu na mizigo, ameanza safari ya Njombe, kama kilomita 60. Kabla hajafika katikati ya njia, mshale wa joto umeingia kwenye nyekundu na mvuke unatoka. Abiria wameshuka, wamesimama kando ya barabara kwenye upepo. Dereva anapiga simu gereji. Fundi mkuu anamgeukia kijana anayejifunza kazi, yule aliyekaza boliti za mwisho, anamuuliza, "Wewe, ulifanya nini hapa?"

Kijana huyo unaweza kuwa wewe. Swali lake likijibiwa kwa hasira, posho yako ya wiki itakatwa na gari litaendelea kuchemsha. Hebu tuone jinsi ya kulijibu kwa utaratibu.

Kutokea baada ya si kusababishwa na

Akili ya mtu hupenda kuunganisha mambo yanayofuatana. Pampu imebadilishwa, gari limechemsha. Kwa hiyo kazi ya pampu ndiyo iliyolichemsha. Mara nyingi ni kweli, na ndiyo maana kanuni ya kwanza ya mada hii ni: anza na kilichoguswa mwisho. Lakini kuanza hapo si sawa na kumalizia hapo.

Hitilafu inayojitokeza baada ya matengenezo huwa na asili nne. Ya kwanza ni mkono wa fundi: kitu kilifunguliwa ili kupisha kazi na hakikurudishwa vizuri, kama klipu ya bomba la mpira, soketi ya feni, waya wa ethi, mkanda uliolegea. Ya pili ni spea yenyewe. Spea mpya si lazima iwe nzima. Iko ya bandia, na iko halali ambayo si ya injini ile. Fundi mwaminifu anaweza kufunga vizuri kabisa spea mbovu.

Asili ya tatu ndiyo inayowachanganya wengi: ubovu wa zamani uliokuwa umejificha nyuma ya ubovu wa kwanza. Pampu ilipokuwa inavuja, mfumo wa maji haukuweza kushika kanieneo. Mabomba ya mpira yaliyochoka hayakuwahi kubanwa kwa nguvu zake zote. Pampu mpya ikafungwa, uvujaji ukaisha, kanieneo ikapanda mahali pake, na bomba la miaka kumi na tano likapasuka siku ileile. Fundi hakulipasua. Hata hivyo, fundi mzuri angelibinya kwa vidole kabla ya kumruhusu mteja aondoke, akasikia lilivyokakamaa, akamwambia.

Asili ya nne ni sadfa tupu. Gari lina maelfu ya sehemu na zote zinachakaa kwa wakati mmoja. Balbu itaungua siku moja, na siku hiyo inaweza kuwa kesho yake baada ya kubadilisha oili. Nakiri kwamba mimi mwenyewe niliwahi kumlaumu fundi siku tatu mfululizo kwa redio iliyokufa baada ya yeye kufunga shokapu. Siku ya nne nilifungua kisanduku cha fyuzi nikakuta fyuzi ya kinasa moto imeungua. Binamu yangu alikuwa amechajia simu hapo kwa chaji mbovu.

Zingatia: kwenye mtihani, jibu linalosema "fundi alikosea" bila kueleza jaribio linalothibitisha hivyo halina uzito. Jibu lenye nguvu hutaja dhana, kisha husema: kama dhana hii ni kweli, nikifanya jambo hili nitaona hivi.

Uliza kabla ya kushika spana

Makambako ni njia panda. Hapo barabara ya Njombe na Songea inaachana na barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma, na reli ya TAZARA inapita papo hapo. Magari mengi yanayotengenezwa pale ni ya wasafiri. Yanafungwa spea, yanawashwa, yanaondoka. Hayakai mjini siku mbili ili mwenyewe aone kama yamepona. Kwa hiyo habari nyingi za hitilafu utazipata kwa mdomo wa dereva, tena kwa simu, na ni lazima ujue cha kuuliza.

Muulize kwanza gari lilipelekwa gereji kwa tatizo gani, kisha hitilafu ya leo ni ileile au ni nyingine. Ikiwa ni ileile, huenda matengenezo hayakugusa chanzo. Usihangaike na mkono wa fundi, rudi mwanzo. Ikiwa ni nyingine, muulize kila kilichofunguliwa, hata kile kilichofunguliwa kwa ajili ya kupisha tu. Ili kufikia pampu, watu hutoa mkanda, huondoa feni, humwaga maji, pengine hutoa betri. Kila kimoja katika hivyo ni mshukiwa.

Halafu muulize lini hasa. Si "leo mchana". Lini kwa maana ya hali: gari likiwa limesimama au likitembea? Likipanda mlima au tambarare? Asubuhi injini ikiwa baridi au baada ya nusu saa? Neno hili "lini" hukuokolea saa nzima ya kufungua vitu visivyo na hatia, kama utakavyoona sasa.

Turudi kwenye Noah

Dereva anajibu: gari halikuchemsha mjini, wala lilipokuwa limesimama stendi na injini inanguruma. Lilianza kwenye mlima, likiwa na mzigo.

Jibu hilo peke yake linapunguza washukiwa. Kama feni ya umeme ingekuwa haijachomekwa soketi, gari lingechemsha likiwa limesimama au likienda polepole, kwa sababu hapo ndipo rejeta inapotegemea feni. Likiwa kasi, upepo wa safari hufanya kazi ya feni. Hapa imekuwa kinyume. Feni tunaiweka pembeni kwanza.

Unamuuliza jambo la pili: taa ya betri iliwaka? Hapana. Katika injini nyingi, mkanda mmoja huzungusha alteneta na pampu ya maji. Mkanda ukikatika au ukiteleza, betri hukosa chaji na maji hukosa mzunguko kwa pamoja. Taa haikuwaka, kwa hiyo kama injini hii imefungwa hivyo, mkanda nao unasogea nyuma ya mstari. (Ziko injini ambazo pampu yake huzungushwa na mkanda wa ndani wa taiming. Jua injini unayoizungumzia.)

Jambo la tatu: hita ilikuwa inatoa nini? Kwa watu wa Njombe hili si swali geni, maana huku hita huwashwa kweli. Dereva anasema aliiwasha abiria walipolalamikia baridi, ikatoa hewa ya moto, kisha ikaanza kutoa hewa ya baridi muda mfupi kabla ya mshale kupanda. Hapo kaa chini ufikiri. Hita ni rejeta ndogo inayopitisha maji yaleyale ya injini. Injini ikiwa ya moto na hita ikiwa ya baridi, maana yake maji hayafiki kwenye hita. Ama yamepungua, ama kuna hewa iliyonasa ndani ya mfumo.

Hewa kunasa ni kosa la kawaida kabisa baada ya kubadilisha pampu, kwa sababu maji yote yalimwagwa. Mtu akijaza haraka, hewa hubaki kwenye kona za juu. Katika magari ambayo injini yake iko chini ya viti vya mbele, mabomba ya maji ni marefu na hewa hupata mahali pengi pa kujificha. Ukifika hapa umepata dhana mbili: hewa ilinasa tangu asubuhi, au maji yametoka njiani.

Angalizo: usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa chini ya kanieneo yanaweza kuwa na joto la zaidi ya digrii 100 na bado yakawa kimiminika. Ukifungua, kanieneo inashuka ghafla, maji yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Mwambie dereva azime injini, asubiri hadi bomba la juu la rejeta lishikike kwa mkono bila kuunguza. Wala asiudanganyikie mshale ukishuka ghafla. Sensa ya joto hupima maji. Maji yakiisha mahali ilipo, inaweza kuonyesha ubaridi huku injini inaungua.

Injini imepoa. Dereva anafungua. Rejeta imepungua maji lita mbili na zaidi, lakini kopo la akiba limejaa hadi mdomoni. Hakuna alama ya maji kwenye pampu mpya wala kwenye klipu. Chanzo ni nini?

Hapa ndipo fizikia yako ya darasani inapokuja kufanya kazi. Mfuniko wa rejeta una vali mbili. Moja hushikilia kanieneo. Ikizidi kiwango, huachia maji yaende kwenye kopo. Nyingine hufanya kazi injini inapopoa: maji yanasinyaa, mvutano unatokea, vali inafunguka na kurudisha maji kutoka kwenye kopo. Kopo likijaa na rejeta ikabaki tupu baada ya kupoa, kuna kitu kinachozuia maji kurudi, na mshukiwa wa kwanza ni mfuniko. Ukiutazama huu, mpira wake umepasuka na kukakamaa. Hauzibi, kwa hiyo huachia maji mapema. Nao mvutano unapokuja, huvuta hewa badala ya maji.

Kwa nini basi gari halikuchemsha mjini? Kwanza, kuzunguka mjini bila mzigo hakufikishi injini kwenye joto la juu. Pili, fikiria mahali penyewe. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, juu zaidi ya Makambako. Kanieneo ya hewa hapo ni karibu kilopaskali 80, wakati pwani ni kama 101. Maji yaliyo wazi, ambayo Dar es Salaam huchemka kwenye digrii 100, Njombe huchemka kwenye digrii 93 au 94 hivi. Themostati nyingi huanza kufunguka kati ya digrii 82 na 88, na injini yenye mzigo mlimani hupita 93 bila shida yoyote. Kinachozuia maji yasichemke ni mfuniko tu. Mfuniko wa kawaida wa magari ya Kijapani huongeza kama kilopaskali 88. Jumlisha: 80 na 88 ni 168, na kwenye kanieneo hiyo maji hayachemki mpaka karibu digrii 115. Ondoa mfuniko mzima, weka uliopasuka, na umempokonya dereva zaidi ya digrii 20 za usalama.

Kwa hiyo kijana aliyekaza boliti hakukosea. Mfuniko ulikuwa mbovu siku nyingi, lakini kila maji yalipopungua lawama ilikwenda kwenye pampu iliyokuwa ikivuja mbele ya macho ya watu. Hii ni ile asili ya tatu. Gereji nayo haijatoka bila doa: kujaribu gari la abiria kwa kulizungusha mjini tupu si jaribio, na mtu anayebadilisha pampu anapaswa kuutazama mfuniko.

Kabla ya kuachana na habari ya mwinuko, kuna kosa moja ambalo hugharimu watu fedha nyingi katika wilaya za juu. Fundi anatoa hewa kwenye mfumo, mfuniko ukiwa wazi na injini inanguruma. Baada ya muda mapovu yanapanda. Anasema, "Hedi gasketi imeungua," na injini inafunguliwa. Huenda ni kweli, lakini huenda ni maji tu yanayochemka kwenye digrii 93 kwa sababu mfuniko hauko. Tofautisha hivi: mapovu ya gasketi iliyoungua hutokea mapema, injini ikiwa bado ya baridi, kwa sababu ni gesi inayosukumwa kutoka kwenye silinda. Mapovu ya kuchemka huja injini ikishapata moto. Jaribio hili halina gharama. Kufungua hedi kuna gharama.

Themostati iliyotupwa

Kuna matengenezo ambayo yenyewe ni hitilafu. Gari likichemsha, wapo mafundi wanaotoa themostati na kuitupa, wakisema nchi zetu ni za joto na hatuihitaji. Sikubaliani nao hata kwa Dar es Salaam, na kwa Njombe ndiyo kabisa. Bila themostati maji huzunguka kwenye rejeta muda wote. Asubuhi ya Juni au Julai, gari linalotoka Njombe linaweza kwenda mwendo mrefu mshale ukiwa chini kabisa. Injini isiyofikia joto lake hupewa petroli nyingi kuliko inavyohitaji, oili hubaki nzito, na hita haitoi joto. Mwenye gari atarudi kulalamika, "Tangu mlipolitengeneza linakula mafuta." Ukisikia lalamiko hilo na mshale haupandi, uliza kama themostati ipo kabla hujagusa plagi.

Umeme, na asubuhi ya baridi

Canter imebadilishiwa klachi Njombe mjini. Jioni imewaka vizuri. Asubuhi saa kumi na mbili, imepakia viazi, stata inazunguka kivivu, "nge… nge…", kisha kimya. Mwenye mzigo anadai fundi wa klachi ameua stata.

Dhana mbili zinashindana. Kazi ya klachi hulazimu kushusha giaboksi, na mara nyingi waya wa ethi, ule mnene unaounganisha injini na bodi, hufunguliwa. Ukirudishwa umelegea au juu ya rangi na kutu, umeme wa stata hukosa njia ya kurudi. Hiyo ni dhana ya mkono wa fundi. Dhana ya pili ni baridi: betri hupungua nguvu kwenye baridi, na oili nzito huifanya stata ifanye kazi zaidi. Betri iliyochoka hufa asubuhi ya namna hii hata kama hakuna aliyeligusa gari.

Usibishane, pima. Weka voltimita kwenye volti za moja kwa moja. Ncha moja iguse kichwa hasi cha betri, nyingine iguse chuma kisafi cha injini. Mwambie mtu azungushe stata. Njia ikiwa nzima, kipimo hakitazidi nusu volti. Ikiwa kinaonyesha volti 2 au 3, njia ya ethi ni mbovu.

Ona hesabu yake. Tuseme stata inavuta ampea 150 na kiungo kilicholegea kina ukinzani wa omu 0.02 tu. V = I × R, yaani 150 × 0.02 = volti 3. Omu 0.02 ni ndogo mno kiasi kwamba ukipima waya huo kwa kipima omu cha kawaida utaambiwa ni mzima. Ndiyo maana tunapima upotevu wa volti wakati mkondo unapita. Mfumo wa volti 12 umeshapoteza robo ya nguvu yake kwenye boliti moja.

Kama upotevu ni mdogo, hamishia ncha kwenye vichwa viwili vya betri na zungusha tena. Volti zikishuka chini ya 9.6, betri ndiyo yenye neno, mradi stata yenyewe haijakwama, na fundi wa klachi aachwe anywe chai yake. Huna voltimita? Chukua waya wa kubustia, unganisha kichwa hasi cha betri na chuma cha injini moja kwa moja, mbali na mkanda na feni. Stata ikizunguka kwa nguvu, umepata jibu la ethi bila kipimo chochote.

Jambo dogo la kukumbuka: betri ikifunguliwa, kompyuta ya injini hupoteza ilichojifunza. Baada ya kuirudisha, injini inaweza kunguruma bila utulivu kwa muda, redio ikadai namba za siri, saa ikarudi mwanzo. Likiendeshwa kidogo hutulia. Hiyo si hitilafu, na mteja aambiwe mapema ili asirudi na ndita.

Breki na magurudumu: hapa usijaribu barabarani

Hadi sasa tumesema jaribu, pima, endesha uone. Kwenye breki kanuni hiyo inageuka. Gari linaloelekea Dar es Salaam kutoka Makambako litateremka Kitonga, na anayekwenda Ludewa au Makete ana miteremko yake. Breki yenye shaka huchunguzwa gari likiwa limesimama.

Ukifunga pedi mpya, pistoni husukumwa ndani ili kupata nafasi. Kanyagio la kwanza huzama hadi chini kwa sababu pistoni bado ziko mbali na pedi. Kanyaga mara kadhaa mpaka liwe gumu, kabla gari halijasogea hata mita moja. Fundi aliyesahau hili ameshawahi kugonga ukuta wa gereji yake mwenyewe. Muulize fundi yeyote mzee atakuchekea, kisha atanyamaza. Likiendelea kuwa laini kama sponji na kupanda kila unapokanyaga tena, kuna upepo ndani ya mabomba na lazima utolewe. Likiwa gumu kisha likashuka polepole chini ya mguu, tafuta mvujo au pampu kuu ya breki. Hali hizi tatu wanafunzi wengi huzichanganya, zitenganishe.

Gari likivuta upande mmoja baada ya kazi ya breki, au rimu moja ikawa ya moto kuliko nyingine baada ya mwendo mfupi, gurudumu hilo limeng'ang'aniwa. Angalia pini za kalipa na bomba la mpira lililojikunja wakati wa kufunga.

Nati za magurudumu hukazwa kwa mtindo wa msalaba, kisha hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Safari moja ya Makambako hadi Njombe inatosha kufika hapo. Usukani ukianza kutetemeka au mlio wa "tik-tik" ukasikika gurudumuni baada ya tairi kufunguliwa, simama. Usifike nyumbani kwanza.

Mengine kwa ufupi

Oili ikimwagika mara tu baada ya kubadilisha filta, tafuta kama mpira wa filta ya zamani ulibaki umeganda kwenye injini. Mipira miwili haizibi. Taa ya oili ikiwaka, zima injini palepale. Injini ikimisi baada ya kubadilisha plagi, angalia kama waya mbili zimebadilishana mahali. Injini nyingi za silinda nne huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Ikinguruma juu na kusikika mluzi baada ya kazi ya eklina, kuna bomba dogo la hewa halijarudishwa. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi baada ya kazi hiyohiyo, tazama soketi ya sensa ya hewa kabla ya kununua sensa.

Kurudi gereji

Namna unavyosema hubadilisha unachotengenezewa. Ukiingia na "Umeniharibia gari," fundi ataanza kujitetea na hamtatafuta chochote. Ingia na salamu, kisha eleza dalili, si hukumu: "Shikamoo, mzee wangu. Ile Noah ya jana inachemsha ikiwa mlimani na mzigo, mjini haichemshi. Rejeta imepungua, kopo limejaa." Maneno hayo yanampa fundi nusu ya jibu bila kumvunjia heshima mbele ya vijana wake. Omba pia spea ya zamani irudishwe siku ya matengenezo. Pampu ya zamani mkononi huonyesha kama kweli ilikuwa inavuja, na kama mpya inafanana nayo.

Swali la mfano

Gari limebadilishiwa alteneta. Siku iliyofuata taa ya betri inawaka na mshale wa joto unapanda kwa wakati mmoja. Eleza utakavyotafuta chanzo.

Jibu: Dalili mbili zimeanza pamoja, kwa hiyo natafuta kwanza chanzo kimoja kinachoweza kuzileta zote. Kilichoguswa mwisho ni alteneta, na ili kuifunga ilibidi mkanda ulegezwe. Ikiwa mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji, kuteleza kwake kunaeleza chaji kukosekana na maji kutozunguka. Nazima injini na kubonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukizama kupita kiasi kilichowekwa kwa gari hilo, kwa kawaida kama milimita 10, au uso wake ukiwa unang'aa kwa kuteleza, nakaza au nabadilisha, kisha nawasha tena. Dalili zote mbili zikitoweka, dhana imethibitika. Ikitoweka moja tu, kulikuwa na vyanzo viwili na ninaendelea na kilichobaki. Mkanda ukiwa mzima, napima volti za betri injini ikinguruma ili kuichunguza alteneta, na kuuchunguza mfumo wa maji peke yake baada ya injini kupoa.

Jipime

1. Gari linachemsha likiwa kwenye foleni tu, barabara kuu halichemshi. Juzi lilibadilishiwa rejeta. Taja mshukiwa wa kwanza na jaribio lake.

2. Kwa nini mfuniko mbovu wa rejeta unaweza kuvumilika Tanga na kumtia dereva taabuni Njombe? Tumia kanieneo katika jibu lako.

3. Stata inavuta ampea 180. Upotevu wa volti kati ya betri na injini ni volti 2.7. Tafuta ukinzani wa njia ya ethi.

4. Daladala imetoka kufungwa pedi mpya za breki. Kondakta anasema, "Twende tu, breki zitakaa zenyewe njiani." Kanyagio ni laini na linapanda likikanyagwa tena. Andika utakachomjibu, na utakachofanya kabla ya abiria kupanda.